Nani Anaila Betri ya Mama Pacha?

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo, pikipiki ya Mama Pacha ilimgomea hadharani. Alibonyeza stata, ikajibu tik, tik, tik, kama mgeni anayegonga mlango huku akiomba asifunguliwe, kisha ikanyamaza. Taa ya mbele ikafifia mpaka ikabaki na rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Akashuka, akakunja suruali yake ya kazi, akapiga kiki mara nne, na ya tano ndipo injini ikakubali kwa shingo upande.

Ingekuwa pikipiki ya mtu mwingine, lisingekuwa neno. Lakini yeye ndiye fundi wa pikipiki anayetegemewa na mtaa mzima. Ana gereji yake nyuma ya duka la saruji, mwaka wa kumi na moja huu, na watu huvuka mitaa mitatu kumfuata kwa sababu hakisii. Hupima kwanza. Sasa fundi gani huyo anafika kazini jasho likimtiririka kwa kuipiga kiki pikipiki yake mwenyewe?

"Fundi!" alimpokea Kipara, mziba pancha wa jirani, akiwa amekalia tairi lake. "Nikuitie fundi?"

"Anza kuniitia wa kukuotesha nywele," alijibu Mama Pacha bila kugeuka, na mteja aliyekuwa akisubiri akacheka mpaka akashika mbavu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Tangu pacha wao waende shule ya bweni, walibaki wawili tu, yeye na mumewe. Baba Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, pasi mezani, na vipande vya vitambaa kila mahali hadi chini ya kitanda. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Angekutazama ukipita barabarani akajua kiuno chako ni inchi ngapi.

"Hiyo betri imezeeka tu, mama," alisema jioni ile, pini zikiwa zimebanwa mdomoni. "Nunua nyingine ulale salama."

"Mimi nimewahi kukuambia suruali ya mtu inabana wakati sijamwona huyo mtu?"

Baba Pacha akatoa pini moja, akaichomeka kwenye kola, akatabasamu kidogo. Yakaisha hapo.

Kesho yake Mama Pacha aliamua kuwa mteja wake mwenyewe. Aliichaji betri mchana kutwa, akaipima kwa mita: volti kumi na mbili nukta saba. Vizuri. Akaifunga kwenye pikipiki, akabonyeza stata huku akiikodolea mita macho. Namba ikashuka kidogo, injini ikawaka, namba ikapanda. Akavuta mafuta, ikafika kumi na nne. Maana yake betri ina nguvu, na injini inairudishia chaji inavyotakiwa. Sasa nini kinaiua?

Akaichomoa, akaiacha juu ya rafu ya gereji mpaka asubuhi. Alipoipima, haikuwa imepoteza chochote. Akairudisha kwenye pikipiki, akazima kila kitu, akaweka ufunguo mfukoni, akalala nayo nyumbani. Asubuhi ilikuwa imebaki na volti kumi na moja na kidogo, taabani.

"Haa," akasema peke yake uani. "Kumbe wewe huumwi. Unaibiwa."

Siku hiyo alifunga gereji mapema na kuwaambia wateja waje kesho. Alitoa waya wa hasi kwenye betri, akaiweka mita katikati ili kila umeme unaotoka upite kwake. Ufunguo ulikuwa mfukoni, taa zimezimwa, kwa hiyo mita ilitakiwa isome sifuri. Ikasoma karibu nusu ampea. Alichomoa fyuzi kubwa akidhani atakata kila kitu. Mita haikutikisika.

Hapo akajua. Mwizi alikuwa amejiunganisha kabla ya fyuzi, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili timamu ambaye angeunganisha kitu. Akafungua kava la pembeni, akaupapasa waya mkubwa mwekundu taratibu kwa kidole, kama daktari anayetafuta uvimbe. Kidole kikagonga selotepu nyeusi. Chini yake waya ulikuwa umechunwa, na waya mwingine mwembamba ulikuwa umezungushiwa hapo, ukipanda kwenda chini ya kiti. Akaufuata kwa mkono mpaka ndani kabisa, akagusa kitu laini, cha vuguvugu kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Alikivuta. Kilikuwa kifuko kidogo cha kitambaa kizito cha bluu, kimeshonwa pande zote, kikiwa na kamba ya kufungia na mfuniko wa kuzuia mvua. Pembeni kilitokeza kitundu cha kuchajia simu. Mishono ilikuwa midogo, imelala sawasawa, hakuna hata mmoja uliomkimbia mwenzake. Duniani hapa alimjua mtu mmoja tu anayeshona hivyo.

Mama Pacha alikalia ndoo iliyopinduliwa akacheka, akacheka tena. Alimkumbuka mumewe Jumapili iliyopita, alipomkuta uani na vidole vyeusi, akidai alikuwa akilipaka cherehani mafuta. Cherehani lenyewe lilikuwa chumbani.

Angeweza kwenda kumcheka hapo hapo. Hakwenda. Kifuko kilikuwa hakijamalizika. Kamba moja ilikuwa bado haina kishikizo. Mtu huyu alikuwa na mpango wake, na kumharibia ingekuwa ukatili. Akafumua upande mmoja kwa wembe, akatoa kichajio cha ovyo kilichokuwa kikijipasha moto ndani, akaweka kizuri kutoka kwenye rafu yake. Akaufunga waya mkubwa vizuri, na ule mwembamba akauhamishia upande unaotii ufunguo, wenye fyuzi yake ndogo. Mita ikasoma sifuri. Kisha akaomba sindano kwa mama wa duka la saruji, akakishona kifuko huku akijichoma na kulaani kimyakimya, akakirudisha palepale.

Tangu siku hiyo pikipiki iliwaka kwa mguso mmoja. "Ulinunua betri?" aliuliza Baba Pacha.

"Niliiombea," alijibu.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, Baba Pacha alimshika mkono akampeleka uani. Alikuwa amevaa shati safi. Alinyanyua kiti cha pikipiki kwa fahari ya mtu anayefunua keki.

"Siku ile ulipokwenda kumwokoa yule mteja aliyeharibikiwa pikipiki kule machimboni, simu ikakuzimikia," alisema, macho yakiwa chini. "Nilisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Nikasema sitaki tena. Nimemwuliza muuza simu, akanielekeza. Hiki ni chako."

Mama Pacha akashika mashavu. "Baba Pacha! Umekitoa wapi?" Alijiona ameigiza vizuri.

Lakini Baba Pacha alikuwa amekwisha kukileta kifuko karibu na pua. Akakigeuza. Akapitisha ukucha kwenye upande mmoja, polepole, na paji la uso likakunjamana.

"Nani kashona hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Huyu mtu alikuwa anapigana na sindano, na sindano imeshinda."

Mama Pacha alijaribu kujikaza, akashindwa. Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Ndipo akamweleza yote, akaleta mita, akamwonyesha ilivyokuwa na ilivyo sasa. Baba Pacha alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo kilikuwa kikila betri hata tukiwa tumelala?"

"Hata tukiwa tumelala."

"Na Kipara akawa anakucheka kwa sababu yangu."

"Kipara hucheka hata bila sababu. Usimhesabu."

Baba Pacha akatoa mkasi mdogo mfukoni. "Nipe nikishone upya upande huu. Naona aibu."

Mama Pacha akamdaka kiganja. "Usiguse. Uache hivyo hivyo."

Baba Pacha alimtazama, akautazama mshono uliokwenda upogo kama njia ya mbuzi, akashusha pumzi ya fundi aliyeshindwa.

"Basi nikate tu huu uzi unaoning'inia."

"Uzi sawa," akasema Mama Pacha, akakishika kifuko kwa mikono miwili ili kisitikisike.