Maji Nayo Yalifanya Zoezi

Jumamosi saa kumi kamili alasiri, mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto alipuliza kipenga sebuleni kwake, na familia yake ikaanza kukimbia mafuriko ambayo yalikuwa hayajaja.

Kila mtu alikuwa na lake. Mkewe, fundi cherehani, alizima swichi kuu na kubeba begi alilolishona mwenyewe kwa turubai: vyeti, dawa, tochi, biskuti, kamba. Mkubwa, binti wa miaka kumi na mitano, alibeba madumu mawili ya maji ya kunywa. Kitinda, mdogo wake wa miaka tisa, alibeba redio. Mkaguzi alifunga gesi, akatoka wa mwisho, wakapita nyuma ya duka la kinyozi wakipanda kilima mpaka kwenye tangi la mtaa. Hapo akabonyeza saa.

"Dakika kumi na moja. Tumetimia."

Bibi, mamake mkaguzi, alikuwa amebaki nyumbani kwenye kiti chake cha mbao. Jumamosi ya kwanza walijaribu kumbeba. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki, na mwanawe alimshika vibaya kwapani. Ilichukua dakika ishirini na sita, na Bibi akaugulia maumivu siku mbili. Basi ikakubaliwa, kwa huruma kabisa, kwamba asisumbuliwe tena.

"Zoezi ni zoezi tu, Mama," mkaguzi alisema. "Siku yenyewe tutakubeba."

Nyuma ya mlango ilining'inia kadi kama zile anazozifunga shingoni mwa mitungi ya maofisini. Ilikuwa na majina, kazi na sahihi. Mbele ya jina la Bibi palikuwa peupe.

Jumamosi ya tatu walirudi wakakuta sakafu imelowa.

"Maji yamekuja," Bibi alisema. "Nayo yamefanya zoezi. Yametoka mtoni, yakapita chini ya mlango, yakanifika vifundoni, yakarudi zao."

"Saa ngapi, Mama?"

"Ninyi mlikuwa mmefika kwa kinyozi."

Mkaguzi aliandika: dakika ya nane. Mkewe alichukua tambara akapiga deki.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuja tena. Yalikuwa hayaijui nyumba vizuri. Yaliingia jikoni kwa makosa, yakaangusha sufuria mbili, yakagonga meza. "Polepole," Bibi aliyaambia, "haraka ya nini na mto ni wenu?" Yalimfika magotini. Mkaguzi alipima alama ukutani kwa futi ya mkewe, akaandika: sentimita hamsini, dakika ya saba.

"Yanatushinda," alisema. "Lazima tupunguze muda."

Wakapunguza. Fundi cherehani alipunguza begi, Mkubwa akaacha dumu moja. Dakika kumi na moja zikawa tisa, zikawa nane. Maji nayo yakawa yanafika dakika ya sita, kisha ya tano. Nyumba nzima ilianza kuishi kwa kusikiliza. Kijiko kikianguka, Mkubwa alishika dumu. Mvua ikinyesha, hakuna aliyevua viatu.

Bibi alikuwa na dawa moja tu ya hofu, nayo ilikuwa vitendawili.

"Kitendawili!" alisema wakati wa chakula.

"Tega!" wajukuu waliitika.

"Tuko watano. Wakitoka wanne, tumetimia."

"Vidole vya mkono!" alisema Mkubwa.

"Ungekuwa na vidole vinavyotoka, ungekula na nini, mke mwenzangu?"

"Matairi ya gari na lile la akiba," alisema Kitinda.

"Umekaribia, lakini hujafika. Nipeni mji."

Wakampa mji. Bibi aliupokea, akakaa nao, jibu hakulitoa. "Halijaiva," alisema. Mwanawe aliendelea kutafuna akiangalia saa.

Jumamosi ya saba maji yalimfika kifuani.

"Leo yameshika mguu wa kiti," Bibi aliwaambia waliporudi. Nywele zake zilikuwa zimelowa nyuma. "Yameuinua, yakauacha. Nimeyaambia yaanze na wa nyuma, ule wa mbele umelegea."

"Dakika ya ngapi, Mama?"

"Ya nne."

Mkaguzi aliandika. Kitinda aliushika mkono wa kiti, hakutaka kuuachia.

"Baba, na Bibi je?"

"Siku yenyewe," baba yake alisema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imefunga shule na maofisi, wote walikuwa nyumbani. Mto ulitoa sauti kama gari zito linalorudi nyuma, na mkaguzi akapuliza kipenga.

Swichi. Gesi. Begi, dumu, redio. Fundi cherehani na mabinti walikuwa nje kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Mkaguzi alibaki mbele ya kiti cha mama yake. Mikono yake ilijua begi, ilijua koki ya gesi, ilijua kipenga gizani. Haikujua mama anashikwa wapi. Aliipeleka kwapani, akakumbuka, akairudisha.

"Mama..."

"Nenda, mwanangu. Dakika zako zinakwenda."

Akaangalia saa. Zilikuwa zinakwenda kweli. Akaenda.

Kwenye tangi mtaa mzima ulikuwa umesimama kwenye mvua. "Dakika sita na nusu," mkaguzi alisema. Safari hii hakusema wametimia. Kitinda alikuwa ameipa redio mgongo, anatazama chini, ambako mapaa yalikuwa yanazama moja moja.

Kiti kilitokea nyuma ya duka la kinyozi, Bibi amekikalia. Kilikuja kimesimama wima, kikapanda barabara bila kuyumba, maji yamekibeba kwa miguu yote minne. Yalipofika penye tangi yalikishusha taratibu, mguu wa mbele mwisho, yakarudi chini. Kinyozi alisogeza ndoo yake kumpisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Samahani, tumekuvunjia ukuta." Akamgeukia mwanawe. "Mmetumia ngapi?"

"Sita na nusu, Mama."

"Sisi nane. Ukuta ndio uliotuchelewesha."

Kitinda alijitupa mapajani mwake. Mkaguzi alitafuta kalamu.

Wiki mbili walikwangua matope na kuanika magodoro. Jumamosi ya tatu baada ya mafuriko, robo saa kabla ya saa kumi, mkaguzi aliishusha kadi msumarini. Aliisoma kazi kwa kazi. Mbele ya jina la mama yake, pale palipokuwa peupe, aliandika kwa herufi kubwa: MAJI. Akatia sahihi, akaitundika. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyemaliza ukaguzi.

Kitinda aliisoma akiwa amekumbatia redio.

"Bibi, lile jibu la kitendawili cha watano nimelijua."

"Enhe, mke mwenzangu? Lipi?"

Kipenga kikalia. Swichi ikazimwa, gesi ikafungwa, mlango ukabamizwa, nyayo zikapita nyuma ya duka la kinyozi. Bibi alijifunga shali, akasogeza stuli njiani ili maji yasijikwae. Dakika ya tatu yalipita chini ya mlango, hayakuingia tena jikoni kwa makosa, yakashika kwanza mguu wa nyuma.