Gari la Mtu Asiyekunja Goti

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu watu wanaujua. Siku niliyokwenda kununua gari nilichukua vitu viwili tu: shemeji yangu, na utepe wa kupimia nguo. Shemeji kwa sababu ni dereva wa lori na injini anazijua. Utepe kwa sababu ya mume wangu.

Mume wangu ni seremala. Alianguka kutoka kwenye paa la mtu, mguu wa kulia ukaungwa vibaya, na goti likagoma kukunjika mpaka leo. Kutembea anatembea, kwa gongo lake, hilo halina shida. Shida ni kuingia kwenye gari. Kila gari tulilokodi, ilibidi wanaume wambebe, mmoja kwapani, mwingine miguuni, utadhani wanahamisha kabati. Mara ya mwisho ilikuwa harusi ya mpwa wake. Walipokuwa wakimtoa, suruali ikateremka mbele ya wakwe. Watu wakageuza nyuso kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyommaliza kabisa. Tuliporudi nyumbani alitundika koti akasema, "Mama Pacha, mimi kubebwa tena, basi. Siku nitakayotoka humu mtanitoa nikiwa kwenye jeneza."

Nikadhani ni hasira tu, zitapoa. Wapi! Mwaka mzima ukakatika. Karakana ikafungwa, wateja wakahamia kwa mafundi wengine, naye akawa mtu wa kiti na dirisha. Mwanamume niliyeolewa naye alikuwa mtu wa makelele na mizaha, akiingia chumbani hata panya wanajua. Nilikuwa nimemkumbuka, na huku tunalala kitanda kimoja. Ndipo nikaapa: litapatikana gari ambalo ataingia mwenyewe, bila mkono wa mtu. Kwa akiba yangu lingekuwa gari kuukuu, na lingekuwa moja tu. Nikikosea, ndiyo nimekosea.

Sasa, mtu asiyetoka nje utampelekaje kujaribu gari? Lakini sisi washonaji tunawashonea watu ambao hata sura zao hatuzijui. Muhimu ni vipimo. Nikamsimamisha ukutani, nikampima kiuno, nyonga, paja, urefu wa mguu, bega kwa bega.

"Suruali tena?" akauliza. "Kwani naenda wapi mimi?"

"Tulia. Na usiingize tumbo ndani, hakuna mgeni hapa."

Akacheka kidogo, kisha akarudi dirishani kwake.

Kwenye uwanja wa magari tulipokewa na dalali mmoja mwenye miwani ya jua aliyoipandisha utosini. Maneno yake matamu mpaka unahisi meno yanauma.

"Mama, hili hapa lilikuwa la mwalimu mstaafu. Kwenda ibadani na kurudi, basi."

"Ibada gani hiyo iliyokula matairi namna hii?"

Shemeji alikuwa ameshafungua boneti, kichwa kimezama ndani. Akawasha, akasikiliza, akazima, akawasha tena. Mimi nilipiga magoti mlangoni nikatandaza utepe. Upana wa mlango. Kina cha kiti. Kutoka kwenye kiti hadi mbele, pale mguu usiokunjika utakaponyooka.

"Mama," dalali akasema, "unataka kulishonea gauni?"

"Nikilishonea litapendeza kuliko rangi uliyolipaka wewe."

La mwalimu mlango ulikuwa mwembamba. La pili kiti hakikurudi nyuma. La tatu lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya chai ya maziwa, lenye mkwaruzo ubavuni na buti linalofungwa kwa kubamizwa. Shemeji akasema linavuja oili kidogo lakini roho yake ni nzima. Nami nikapima, nikapima tena, kila kipimo kikakubali, na nafasi ikabaki kama ya pindo. Tukavutana bei na dalali mpaka akavua miwani akaifuta jasho. Gari likawa letu.

Nililiegesha mbele ya mlango wetu alasiri ile ile. Mume wangu akachungulia dirishani.

"La nani hilo?"

"La kwako."

Akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa amebadilisha shati. Jamani, moyo ulinienda mbio kama msichana. Akatembea na gongo lake hadi garini, akakigeuzia kiti cha abiria mgongo, akakaa. Makalio yameenea. Akauvuta mguu, ukaingia umenyooka, sawasawa na utepe ulivyosema. Akajirudisha nyuma aingize na sehemu iliyobaki, ko! Kichwa kikagonga ukingo wa juu wa mlango. Akainama, akajaribu tena. Ko!

Nikabaki mdomo wazi. Kichwa! Fundi cherehani anampima mtu kuanzia shingoni kushuka chini. Miaka yote hii ya kazi sijawahi kupima kichwa cha mteja, hata kiwe kama ndoo, kinanihusu nini? Nilimpima mume wangu kila mahali isipokuwa hapo, tena nikampima amesimama, mtu anayetaka kuketi. Akiba yote iko pale, na kichwa cha mtu kiko nje.

Shemeji akasogea, mikono ameshainyoosha. "Kaka, ngoja nikushike mara moja tu."

Niliuona uso wa mume wangu ukijifunga.

"Toa mikono yako!" Nilipiga kelele hadi mwenyewe nikashtuka. "Ukimgusa, hili gari nalirudisha sasa hivi!"

Shemeji wa watu akarudi nyuma. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa huruma, lakini huruma ndiyo iliyotufikisha pale.

Mume wangu alikuwa nusu ndani, nusu nje, ameinamisha kichwa. Nikasubiri aseme nimrudishe ndani. Nilijua akirudi safari hii, ndiyo kwaheri, sitampata tena. Machozi yakanilenga. Kumbe mwenzangu hakuinama kwa huzuni, alikuwa anatazama kitu.

"Mama Pacha. Chini ya kiti hiki kuna mbao."

"Mbao?"

Akapapasa kwa vidole. Mwenye gari wa zamani, labda alikuwa na mtu mfupi nyumbani, alikiinua kiti kwa vipande vya mbao ili aone barabara vizuri. Shemeji alikagua injini, mimi nikakagua nafasi, hakuna aliyechungulia huko.

"Tena mbao za sanduku!" mume wangu akafoka. "Hata randa hazikupigwa! Mshenzi gani huyu? Hebu niletee spana. Na kigoda."

Alikaa nje, mtu aliyeapa hatoki, mguu umenyooka kuelekea barabarani, watu wanapita. Akafungua nati moja moja, huku akimtukana yule fundi asiyemjua, ukoo wake na mwalimu wake. Shemeji aliruhusiwa kushika tochi, basi. Mbao zikatoka, kiti kikashuka kwa kiasi cha kiganja.

Akakaa tena. Makalio. Mguu. Kichwa kikapita.

Akafunga mlango mwenyewe. Shemeji akageuka, akajifanya anakagua tairi. Mimi nikashika usukani, maana leseni ninayo tangu usichana wangu.

"Twende wapi?"

"Endesha tu."

Nikaendesha polepole hadi kwenye kona ya maduka. Muuza magodoro alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akaona kichwa na mabega dirishani, akapunga mikono miwili.

"Fundi! Umepotelea wapi? Mlango wangu wa stoo haufungiki tangu mvua zile!"

Nikasimamisha gari. Jibu nililijua, maana wateja wote alikuwa akiwajibu hivyo hivyo kupitia kwangu: waambie watafute mwingine. Nikatazama mbele ili nisimwone akilisema.

Nikasikia kioo cha upande wake kikishushwa.

"Unakwama juu au chini?"

"Chini, fundi."

"Usiuguse. Nakuja kesho asubuhi."

Kesho asubuhi nilikuwa na bibi harusi wa kumpima. Atanisubiri.