Mageti ya Baba Ikram

Mume wangu hafungi kitu. Akifungua kopo la rangi, linabaki wazi mpaka ligande. Akifungua ukurasa wenye picha za mageti kwenye kompyuta yetu, nao unabaki, na kesho anaongeza nyingine. Ni fundi wa kuchomelea hapa Kizota, na kurasa zile anaziita katalogi yake.

Asubuhi ile nilikuwa na usaili wa mtandaoni, nafasi ya ualimu kule Sumbawanga. Ikifika saa nne kamili, ambaye hajaingia angefutwa jina. Cheti changu kimelala kabatini miaka na miaka, na nilikuwa nimechoka kukipangusa vumbi. Mume wangu Abdulrahim hakunikataza. Alinuna tu wiki nzima, na kununa kwake nakujua.

Muda ukiwa umekaribia, kivinjari kikaganda. Nikatazama matumizi ya diski: asilimia mia, karibu yote ya kivinjari. Nikaanza kufunga mageti yake moja moja, na kila moja likagoma kwanza. Nikaondoa viprogramu vya nyongeza alivyovipachika bila kuniuliza. Nikazuia kurasa za jana zisijifungue zenyewe. Mashine ikaanza kupumua. Ilibaki kufuta picha na mafaili ya muda ambayo kivinjari kilirundika humo, kisanduku hicho kimoja tu kati ya vingi.

"Sogea," akasema nyuma yangu.

Mkono wake ukapita juu ya bega langu, akatia tiki kila kisanduku, akabonyeza kufuta.

Mashine ikawa nyepesi kweli. Ila ilikuwa imefuta na kumbukumbu zangu za kuingia. Ukurasa wa usaili haukunijua tena. Nikaandika neno la siri, ukataka na namba ya uthibitisho, inayotumwa kwa simu.

"Umefanya makusudi."

"Mama Ikram, nilikuwa nakusaidia."

"Hutaki niende Sumbawanga."

Simu ikalia mfukoni mwake, na hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipojiandikisha laini yangu ilikuwa imefungiwa, nikajaza namba yake.

Akaitoa, akausoma ule ujumbe. Saa nne ilikuwa inagonga hodi. Nilimchukia, na papo hapo nilikuwa namwomba, yote kwa macho.

"Ni kweli sitaki uende," akasema. "Nikifikiria nyumba hii bila wewe, usingizi hauji."

Kisha akanisomea namba, tarakimu moja moja, kwa sauti ile anayotumia akimtajia msaidizi vipimo vya chuma. Nikaandika. Ukurasa ukafunguka, na mama mmoja mwenye miwani akanisalimia.

Abdulrahim akatoka. Nikamsikia akiwaomba mafundi wa jirani wazime mashine zao za kukatia chuma. Wakazima. Halafu akarudi mlangoni, akaushika kwa mikono miwili usigonge, akaufunga.