Vidonge vya Kahawia

Karatasi ya maabara ilikunjwa mara nne, na Khalfani aliitupa juu ya mkeka kama anayetupa ganda la muwa.

"Haya, bibi, jionee mwenyewe! Dokta kaandika damu ya Munira ni ya mwanamke anayemeza vidonge vya majira. Miaka minne nasubiri mtoto, kumbe mwenzangu anajifunga kizazi kwa siri! Jumapili namrudisha kwenu na talaka yake."

Bi Mwanaasha aliiokota, akaikunjua taratibu. Kule Tandika walimjua kwa subira, mtu wa kuchambua pishi nzima ya mchele, chenga kwa chenga, bila kuinua kichwa. Alimtazama mjukuu wake. Munira alikaa mlangoni, mtandio kauvuta hadi kidevuni, pale anapong'oa nywele kila Ijumaa kwa kibano. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia.

Mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, alikaa pembeni, mikono kaikunja, anatikisa kichwa.

Munira alikuwa akiona siku zake mara mbili kwa mwaka, zikizidi tatu. Ndipo bibi yake akampeleka mjini kwa Dokta Jumana, kwenye zahanati mojawapo ya zile za watu binafsi zilizoanza kufunguliwa miaka hiyo. Dokta alieleza taratibu: huenda mayai yanabaki kwenye vifuko vidogo vidogo bila kukomaa, na homoni za kiume zimezidi mwilini. Damu ndiyo ingesema. Ichukuliwe asubuhi, siku ya tatu ya hedhi, na kabla ya hapo Munira akae miezi mitatu bila dawa yoyote, ya hospitali wala ya mizizi. "Ukimeza dawa," alisema, "kipimo kitadanganya."

Munira alishika neno. Hata kichwa kilipomuuma alikataa kidonge. Siku zake zikaja zenyewe, miezi miwili mfululizo, nyumba nzima ikashangilia. Sasa hii.

"Khalfani," alisema Bi Mwanaasha, naye kijana akashtuka, maana siku zote bibi humwita 'mume wangu' kwa utani. "Ulimi wako uweke ndani mpaka kesho."

Asubuhi yake bibi na mjukuu walikuwa mbele ya Dokta Jumana.

"Homoni zake zote zimelala," alisema dokta, kidole juu ya karatasi. "Hivi ndivyo vidonge vya majira vinavyofanya. Niambie kweli, Munira, sitakugombeza."

"Wallahi sijameza kitu, dokta."

Bi Mwanaasha alifungua pindo la khanga ajitwalie tumbaku yake, na vidonge viwili vya kahawia vikabingirika mezani. "Aa, hivyo vyangu, vya kuongeza damu. Mkwe wangu Mwanabaraka ananipaga, saba kila mwezi, kwa hiki kizunguzungu."

Dokta alivitazama. Akavuta droo, akatoa pakiti. Safu tatu za vidonge vyeupe, na safu ya mwisho, saba, vya kahawia vilevile.

"Bibi, hivi vya kahawia ni madini ya chuma tu. Hivi vyeupe ndivyo vyenye homoni. Sasa nani anakula vyeupe?"

Bi Mwanabaraka ndiye mgawaji wa vidonge vya majira mtaani kwao Mtoni. Alisomeshwa wiki nzima, ana kisanduku chake cha mbao chenye kufuli.

"Maziwa," Munira alisema polepole. "Maziwa ya tangawizi. Ananiletea kila jioni, anasimama mpaka nimalize."

Bi Mwanaasha aliviokota vidonge vyake viwili, akavifunga tena pindoni.

Walipofika Mtoni hakuvua viatu. Aliviweka vile vidonge viwili mkekani, mbele ya Khalfani na mama yake.

"Mwanabaraka, umemnywesha nini mtoto wangu?"

"Sikumnywesha sumu!" Bi Mwanabaraka alidakia. "Tulifundishwa vinanyoosha siku. Nikasema akapime akiwa kanyooka, wasije wakaandika mke wa mwanangu ana homoni za kiume, mtaa ukatucheka. Mie nilitaka afaulu!"

"Afaulu? Huo mtihani wa darasa la saba? Mgonjwa anapimwa ugonjwa uonekane, wewe umeufunika shuka! Haya, hilo nitasema hukujua. Na jana? Mwanao anamtukana mwenzake, anamtishia talaka, nawe ukweli unao mdomoni. Ukatikisa kichwa! Kichwa!"

"Niliogopa, mkwe wangu."

"Uliogopa wewe. Akaaibika yeye."

Khalfani alipiga magoti. "Bibi, nisamehe."

"Si mie uliyemtukana. Mwombe mwenyewe."

Munira alishusha mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mumewe kidevu chake bila kukipitishia kibano.

"Nakaa kwa bibi miezi mitatu," alisema. "Sing'oi hata unywele, dokta azione. Damu nitapima upya. Na wewe dokta kakuandikia karatasi yako ya kupima mbegu, hii hapa. Miaka minne napimwa kwa macho, na wewe hakuna aliyekuuliza. Ukipima, njoo Tandika tuzungumze. Hukupima, usije."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekimbilia ndani, akarudi na bilauri imejaa.

"Kunyweni hata maji basi. Msitoke nyumbani kwangu na koo kavu, watu watasemaje?"

Munira aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua hadi chini. Kisha akaitua mkekani, imejaa vilevile, kando ya vidonge, akachukua furushi lake la nguo.