Shitaka la Punda na Umri wa Injili

Baba mkwe wangu hajawahi kugombana na mtu. Akiudhika hununa, na kununa kwake hakuna siku ya kwisha. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, aliwahi kusema mezani huku anatafuna kwamba zamani ni zamani tu, karne moja huku au kule haimnyimi mtu usingizi. Tangu hapo Mzee akiingia sebuleni husalimia watoto, huitikia mbwa, na mwanyumba humruka kama dimbwi. Siku hizi shemeji huingia kwao peke yake. Mumewe hubaki nje, ndani ya gari, akisikiliza taarifa ya habari.

Kwa hiyo mke wangu aliposikia nimepewa kazi gani, alizima jiko kwanza.

"Umepewa nini?"

"Kukagua tarehe ya kipande cha Baba, kisha niweke saini."

"Weka saini, mume wangu. Una mwandiko mzuri."

"Na kama tarehe imekosewa?"

"Mtakaa wawili kwenye gari."

Kipande chenyewe ni karatasi ya mafunjo, haizidi kiganja, imebanwa kati ya vioo viwili. Kimeandikwa Injili kwa Kiyunani, mbele na nyuma, kwa sababu Wakristo wa mwanzo walipenda vitabu vya kurasa kuliko vya kuviringisha. Ni pale Yesu anapotema mate chini, anafanya tope, anampaka kipofu machoni. Kipofu amechanika. Limebaki tope.

Mzee alikipa mwaka 120 alipokuwa msomi kijana, na mwaka huo ukamfanya kuwa mtu. Kipande kikawa cha kale kuliko vyote, Mzee akawa mgeni rasmi wa kila mkutano. Mtaani wanamwita Mia na Ishirini. Wenye maduka hudhani ndio umri wake, humletea kiti.

Sasa maktaba yetu ilikuwa inafungua ukumbi mpya. Chini ya kipande kilitakiwa kibandiko chenye tarehe na saini ya mtunza maandishi ya kale, na mtunzaji ndiye mimi.

"Nataka saini tu," alisema mkurugenzi. "Mabango ya 'Cha Kale Kuliko Vyote' yameshatundikwa."

Mama yule ni mtu mwema. Anaamini bango likishatundikwa, ukweli utalifuata wenyewe kwa miguu.

Shida ni kwamba vipande hivi havina tarehe. Mtu aliyenakili Injili hakujua kuna siku tungekuja kumsumbua. Ipo mashine ya kupima, lakini inataka ukate kijisehemu ukichome, na Mzee alishasema hachomi Injili ili ajue umri wa majivu. Basi tunatazama mwandiko. Unaufananisha na hati nyingine yenye tarehe, risiti ya kodi au mkataba, unasema hawa wawili walisoma zama moja. Ni kama kukisia umri wa mtu kwa suruali yake. Utapatia, mpaka ukutane na mtu asiyetupa suruali.

Mzee alikuwa amefananisha tope lake na shitaka la punda, hati nyingine ya mafunjo. Katika shitaka hilo mtu analalamika kwamba punda wa jirani ameingia bustanini, amekula kila kitu, kisha akalala juu ya vitunguu. Aliyelisoma na kulichapisha ni rafiki yake Mzee aliyekuwa na ofisi ya pili koridoni kwao, ambaye ulimwengu wa wasomi unamwita Bwana Punda. Jina hilo alilipokea bila kinyongo. Wapo walioitwa vibaya zaidi. Kitabu cha Mzee kinasema: mwandiko huu ni ndugu wa ule wa shitaka la punda, ambalo ni la mwaka 120 hivi.

Nikaenda kumtazama punda. Pale juu, panapokaa tarehe, pamechanika. Nikafungua kitabu cha Bwana Punda nione mwaka aliutoa wapi. Kinasema: mwandiko huu ni ndugu wa ule wa kipande cha Injili, ambacho ni cha mwaka 120 hivi.

Nikakifunga kitabu. Nikakifungua tena, labda nimesoma vibaya. Wapi! Jamaa wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja anamdhamini mwenzake, na hakuna hata mmoja mwenye kitambulisho.

Jumamosi niliwakuta wasomi wote wawili sebuleni kwa Mzee, wanacheza drafti.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mzee wangu."

"Marahaba," waliitikia bila kuinua macho.

Mke wangu alileta chai, akanikanyaga mguu, akaomba radhi kwa sauti ili isidhaniwe kuwa amekusudia.

"Baba, nina swali la kijinga."

"Hakuna swali la kijinga," alisema Mzee. "Kuna watu tu. Uliza."

"Mia na ishirini uliipata wapi?"

"Kwa punda wa huyu." Akamwonyesha rafiki yake kwa kete.

"Na wewe, Mzee wangu, umri wa punda uliujuaje?"

"Kwa tope la huyu," alisema Bwana Punda, akala kete mbili.

Kisha Mzee akaweka kidole juu ya ubao, kama mtu anayezuia mchezo usikimbie.

"Rudia."

"Kwa tope lako. Si wewe ndiye uliyeniambia? Pale koridoni. Nilikuuliza, lako la lini? Ukasema, la lini lako?"

"Nilikuwa nauliza!"

"Uliuliza kama mtu anayejua."

"Na wewe ukajibu mia na ishirini."

"Nilisema, mia na ishirini hivi? Ukaitikia kwa kichwa."

"Palikuwa na nzi, bwana!"

Bwana Punda aliwaza. "Basi dunia nzima imemfuata nzi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Hebu fikiria vile vingine vyote vilivyopewa umri kwa punda wangu. Punda ana wajukuu sasa. Tumezaa ukoo mzima, na ndoa yenyewe haikufungwa."

Mzee alisimama, akavaa kandambili zake, akamsalimia mbwa, akaingia chumbani. Bwana Punda aliaga akauacha mchezo aliokuwa anaushinda, jambo ambalo mke wangu anasema hajaliona tangu azaliwe.

"Hongera," aliniambia, anakusanya vikombe. "Mwanyumba wako alikuwa anaona upweke."

Asubuhi ya siku ya ufunguzi niliketi na kibandiko kitupu mbele yangu. Ningeweza kuandika 120, nile chakula cha mchana kwa wakwe maisha yangu yote, na kila nikipita ukumbini nigeuze uso. Niliandika "Karne ya pili au ya tatu", nikaweka saini upesi kabla mkono haujabadili mawazo.

Wino haujakauka, mlango ukafunguliwa. Mzee, na koti lake la mikutano. Hakunisalimu.

"Nionyeshe."

"Nini, Baba?"

"Tope."

Nilikuwa nimeviweka vipande viwili pamoja chini ya taa. Aliketi, akachukua kioo cha kukuzia. "Mtoe punda hapa," alisema. Nikamtoa. Akabaki na kipande peke yake, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu siku ya nzi. Alikitazama mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma.

"Sijui," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Nikamsogezea kibandiko. Alikisoma, akakisoma tena.

"Ya pili umeitoa wapi?"

"Si herufi hizi, Baba? Hizi za duara ni za karne ya pili."

"Ni za mtu *aliyefundishwa* karne ya pili. Tazama mkono. Mstari unateremka. Kalamu inatetemeka hapa, na hapa. Na hapa amepumzika, wino umetuama. Huyu ni mzee. Mzee huandika kama alivyochapwa shuleni mpaka anaingia kaburini. Mimi wajukuu wangu wanashindwa kusoma kadi zangu za pongezi, wanadhani ni dawa nimeandikiwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni ya tatu. Ya pili ifute."

"Baba, kalamu kutetemeka si cheti cha kuzaliwa. Labda aliona baridi. Labda kalamu ilikuwa mbovu. Labda alinakili akiwa juu ya mkokoteni."

"Unatetea nini wewe?"

"Natetea karne ya pili!"

Nilijisikia nikisema hivyo. Nilikuja kuuangusha ukuta wa Baba, sasa nimeushika kwa mikono miwili, na mwenye nyumba ndiye anayebomoa.

Mkurugenzi akachungulia. "Tayari? Wageni wanafika. Ndicho cha kale kuliko vyote?"

"Hapana," tulisema pamoja.

"Basi ni cha ngapi?"

"Ndilo tunalogombania," alisema Mzee. "Funga mlango, mama, kuna upepo."

Mkurugenzi aliufunga, kisha nikamsikia koridoni akiulizia ngazi.

Simu yangu ikalia. Mke wangu. Nikaipokea kwa mnong'ono, lakini kile chumba kina mwangwi.

"Amekuja huko?"

"Amekuja."

"Amenuna?"

Kabla sijajibu, Mzee alinyoosha mkono, jicho bado liko kwenye kioo, akaichukua simu.

"Mwanangu, huyu mumeo ni mbishi."

"Mbishi, Baba?"

"Mbishi kupindukia! Nimemwonyesha mkono unatetemeka, wino umetuama, kila kitu. Bado anang'ang'ania karne ya pili. Msitungojee kula."