Kiatu cha Kulia

Fundi viatu huweka misumari midomoni. Mkono mmoja umeshika nyundo, mwingine umeshika soli, sasa misumari uiweke wapi? Mimi huweka saba kwa mpigo, naitoa mmoja mmoja. Nilipoamua kuacha sigara nikasema hiyo ndiyo dawa yangu: mdomo wenye misumari hauna nafasi ya kitu kingine.

Nilishajaribu kuacha mara nne. Si kwamba sijui. Ugonjwa wa sukari ninao mwaka wa tisa huu, na muuguzi wa kliniki ameniimbia wimbo ule ule mpaka nimeukariri: sukari inaharibu mishipa ya damu, sigara inaibana, mguu ndio unaoumia. Kila nikienda hunigusa nyayo kwa kijiuzi kigumu, anataka nifumbe macho niseme kama nahisi. Mimi huchungulia mkono wake, kisha nasema, "Ndiyo, nahisi." Mzee mzima naibia mtihani!

Kilichonishinda si ile hamu peke yake. Ni kaka yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushona viatu, na ndiye aliyenipa sigara ya kwanza, kwenye benchi hili hili. Sukari ilimwanza kabla yangu. Alipokwenda kukatwa mguu wa kulia aliniachia kazi: jozi ya viatu vyeusi, vipana, vya miguu iliyovimba. "Shona vyote viwili," aliniambia. "Madaktari nao hukosea." Nikashona vyote. Cha kushoto alikivaa miezi mitano, akafa. Cha kulia kikabaki rafuni, soli yake haijawahi kugusa ardhi.

Na nikiwasha sigara, huja. Cheka ukitaka. Moshi ukipanda tu, yuko kwenye kigoda chake karibu na dirisha, na mguu wake mmoja, ananitania kwamba mishono yangu imekwenda upogo. Tunapiga soga. Nisipovuta, kigoda ni kigoda tu. Sasa hilo nimweleze muuguzi vipi?

Safari hii ya tano nilifika siku ya sita. Asubuhi hiyo niliweka misumari saba midomoni, nikapigilia sita. Wa saba sikuuona. Nikatafuta mezani, nikakung'uta nguo, nikajipapasa koo. Haya, nikajisemea, fundi kameza msumari. Nikacheka peke yangu, nikavaa viatu vyangu vilivyokuwa chini ya meza, nikapeleka mzigo wa mteja mtaa wa pili na kurudi, kisha nikafanya kazi mpaka alasiri.

Nyumbani mke wangu hakunisalimu. Alikuwa anatazama sakafu nyuma yangu.

"Baba watoto, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Hebu geuka uone."

Alama za damu, za mguu wa kulia tu, kuanzia mlangoni. Alinikalisha, akanivua kiatu, akashika mdomo. Msumari wa saba ulikuwa umezama wote unyayoni.

"Tangu asubuhi?" aliuliza. "Na hukusikia maumivu?"

Kaka naye alianza hivyo hivyo, kwa kokoto moja kiatuni.

Kliniki walikisafisha kidonda, wakafunga bandeji nene. Muuguzi hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Mzee wangu," alisema, "hapa patapona damu ikifika. Ukivuta, haifiki."

Kesho yake mguu ule haukuingia kwenye kiatu changu chochote. Mke wangu, kwa wema tu, alikwenda karakanani akarudi na kile cheusi. "Jaribu hiki, kimekaa tu pale." Nikakijaribu. Kilinikaa sawasawa, kana kwamba nilipimwa mimi. Niliogopa, nasema wazi, kuliko siku tuliyomzika mwenyewe.

Nikajikokota hadi karakanani, mke wangu akinifuata. Pakiti ya sigara nilikuwa nimeificha nyuma ya makopo ya gundi. Nikatia sigara mdomoni, nikawasha kibiriti, na kabla moto haujaigusa, nikamsikia kutoka kigodani.

"Kimekukaa, mdogo wangu."

Hakusema kwa ubaya. Alifurahi kwamba naja.

"Kaka," nikasema, "nakupenda, lakini siji." Kibiriti kikaniunguza kidole. Hicho nilikihisi. Nikavua kile kiatu, nikachukua kisu cha ngozi, nikakichana kuanzia kwenye soli, mishono niliyoikaza kwa mkono wangu mwenyewe. Pakiti nikaimiminia gundi.

Kisha nikamwita. Mara mbili. Kigoda kilikuwa kigoda tu.

Nikalia kwa sauti. Mke wangu akapiga magoti, akaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Nilijua ameushika kwa sababu nilikuwa nikimtazama.