Madoa ya Warda

Kasiani alikichukua kirungu cha mbao kutoka mkononi mwa Warda, akakiweka kando ya rundo la korosho zilizokwisha kukaangwa. Hakuwa mtu mkali. Alimwambia tu kwamba yeye, msimamizi wa kikundi, hawezi kumwacha aendelee kubangua huku uso unaharibika. Mafuta ya maganda yalikuwa yanamla ngozi, na kila mtu aliona.

Na kweli yalionekana. Madoa mawili ya rangi ya kahawa iliyoungua yalikuwa yametanda mashavuni, la tatu likikaa kwenye paji la uso. Lakini Warda alikuwa amebangua korosho pale Magomeni miaka tisa. Mafuta yale aliyajua: huwasha, hutoa malengelenge, na huanza na vidole. Vidole vyake, alivyovipaka majivu kila asubuhi, vilikuwa salama, na madoa hayakuwasha hata kidogo.

Akakaa nyumbani wiki tatu. Alipaka liwa ya kulainisha uso, akajifunika ushungi, akakwepa hata moshi wa jikoni kwake. Madoa yakazidi kukolea. Majirani wakaanza kunong'ona habari za mkorogo, yale mafuta ya kujichubua, na mnong'ono ukamfikia mumewe Abdulmalik, kuli wa bandarini. Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, alimuuliza bila kumtazama:

"Warda, ulitaka kumpendeza nani?"

Warda alimsubiri aondoke, akajitanda kanga, akaenda zahanati.

Nesi Raheli alimwinua kidevu kuelekea dirishani. Akauliza habari za sabuni, za dawa, za vipodozi. Kisha akauliza siku zake alizipata lini mara ya mwisho. Warda akacheka kidogo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa; siku zilikuwa zimekoma tangu Sabasaba, kama zilivyomkoma mama yake mapema. Kichefuchefu? Alidhani ni moshi. Tumbo? Gesi tu, ilikuwa ikimtembeatembea. Raheli hakucheka. Alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo, akasimika mrija wa mbao chini ya kitovu na kuinamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Warda alihesabu mbao za dari mara mbili.

"Gesi hii ina mapigo ya moyo, mama," Raheli alisema.

Miaka kumi na minne ya ndoa, na neno hilo, mama, watu walikuwa wakimpa kwa heshima tu. Nesi akaendelea kueleza: mimba huwabadilisha baadhi ya wanawake rangi ya uso, jua likazidisha, akijifungua, madoa yatafifia polepole. Warda hakuyasikia yote. Iliposemwa miezi mitano, alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta kandambili zake kwa miguu.

Alikwenda bandarini nusu akikimbia, nusu akijizuia, mkono mmoja tumboni, ushungi umemwangukia mabegani na uso wake wazi kwa watu wote.

Malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni langoni. Mlinzi alimwitia mumewe, naye akaja mbio, vumbi la magunia nyusini, hofu machoni.

"Uliniuliza nilitaka kumpendeza nani," Warda alisema, akihema. "Bado simjui, Malik. Atazaliwa mwezi wa nne."

Abdulmalik akaketi ukingoni mwa barabara kama mtu aliyetuliwa mzigo ghafla, akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na safari hii machozi yalimtiririka yakichora mistari kwenye vumbi.

"Nisamehe," alisema.

Warda alikuwa akicheka tu. Akaketi kando yake. Hapo meli iliyokuwa gatini ikapiga honi, ndefu na nzito, na Warda akajishika ubavu.

"Ameruka," alinong'ona.

Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka pale. Chini ya kiganja kulikuwa kimya. Wote wawili wakageuza nyuso kuelekea kwenye meli, wakiisubiri ilie tena.